Mtu wa Hamsini na Saba

Katika vitabu vya habari za Michezo ya Olimpiki imo orodha ya watu waliomaliza mbio ndefu za mji wa Mexico, tarehe 20 Oktoba mwaka wa 1968. Majina yao ni hamsini na saba. La kwanza ni la Mamo Wolde wa Ethiopia. La mwisho kabisa, chini ya yote, ni la John Stephen Akhwari wa Tanzania. Huyu ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Mbulu, aliyezaliwa mwaka wa 1938. Watu wengi duniani wasiolijua jina la yule wa kwanza wanalijua jina la huyu wa hamsini na saba, na katika somo hili tutatafuta sababu yake. Walakini ninalo na neno jingine, nitakalolisema mbele, kwa kuwa naona habari ya mtu huyu husimuliwa nusu tu.

Kwanza yafaa tufahamu namna ya mashindano yenyewe. Mpira wa miguu mnaujua. Mchezaji wa mpira ana wenzake kumi. Mmoja akichoka, wengine humsaidia, na beki akikosea, huenda kipa akaokoa. Lakini yako mashindano mengine ambayo mtu husimama peke yake. Mfano mmoja ni tenisi ya wanaume ya mmoja kwa mmoja, kama ile inayochezwa Wimbledon, katika mji wa London, ambayo ilianza mwaka wa 1877. Watu wawili husimama upande huu na upande huu wa wavu, kila mtu na raketi yake, wakapigiana mpira mdogo juu ya majani yaliyokatwa vizuri. Siku hizi huanza watu 128. Hukutanishwa wawili wawili. Ashindwaye hutoka, ashindaye husonga mbele. Basi 128 huwa 64, na 64 huwa 32, hata baada ya zamu saba husalia mtu mmoja. Na kwa kuwa kila mchezo humtoa mtu mmoja, na wote hutolewa ila mmoja, mtajua bila kujumlisha ya kuwa michezo yote ni 127. Mchezaji akiumia asiweze kuendelea, humpa mwenzake mkono, yule mwenzake akapita, na habari imekwisha. Wala hakuna mtu wa kumlaumu.

Mbio ndefu, ziitwazo marathoni, nazo ni shindano la mtu peke yake, lakini kanuni yake ni nyingine. Wote huondoka pamoja, na barabara ni moja kwa wote. Aliyeachwa nyuma hatolewi na mtu, wala hakuna mtu mbele ya wavu anayemngoja ampe mkono. Ni yeye mwenyewe atakayeamua kama shindano lake limekwisha au bado. Tofauti hii iwekeni moyoni, maana habari yote ya Akhwari imo ndani yake.

Urefu wa mbio hizo ni maili 26 na yadi 385, yaani kilomita 42 na meta 195. Fikirini mtu atokaye nyumbani alfajiri kupeleka ng'ombe mnadani, akafika jua limepanda sana, miguu imejaa vumbi na koo limekauka. Mara nyingi mtu huyo hajafikisha nusu ya mwendo huo, naye alikwenda kwa hatua za ng'ombe. Mpiga mbio hodari humaliza mwendo wote kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za wapigao mbio uwanjani, wasomaji wake walimwelewa mara moja, kwa sababu karibu na mji wao palikuwa na michezo mikubwa. Nanyi watoto wa Mbulu na Hanang naona mtaielewa habari hii upesi kuliko watoto wa nchi nyingine, maana wengi wenu mmezoea kupanda na kushuka vilima kila siku ya shule.

Mji wa Mexico una jambo lake lililowashinda wengi. Uko juu sana: meta 2,240 toka usawa wa bahari, yaani futi 7,300 na zaidi. Mkiutazama mlima wetu wa Hanang, ambao kilele chake kina meta zaidi ya 3,400, pimeni kwa macho theluthi mbili za urefu wake wote toka usawa wa bahari. Hapo ndipo ulipo mji huo, pamoja na majumba yake, makanisa yake na mamilioni ya watu wake. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Ukivuta pumzi moja pwani, na pumzi moja Mexico, ile ya pili imepungukiwa na karibu robo ya hewa. Mtu anayetembea sokoni hatambui sana. Mtu anayepiga mbio hutambua upesi, maana damu haipati hewa ya kutosha kuilisha misuli.

Kwa sababu hiyo michezo ya mwaka ule iliwaonea baadhi ya watu na kuwapendelea wengine. Ron Clarke wa Australia ndiye aliyekuwa na sifa ya mwendo wa kasi kuliko watu wote duniani katika mbio za meta 10,000. Huko Mexico alipofika mwisho wa mbio hizo alianguka akazimia, ikabidi apewe hewa kwa chombo. Aliyeshinda alikuwa Naftali Temu wa Kenya, na wa pili akawa Mamo Wolde. Kipchoge Keino, naye wa Kenya, akashinda mbio za meta 1,500. Watu hawa wote watatu walitoka nchi za juu.

Akhwari naye alitoka nchi ya juu. Walakini Mbulu, ingawa iko juu na baridi yake tunaijua, haifiki urefu wa Mexico, wala yeye hakuwa amefanya mazoezi yake mahali penye hewa nyepesi kama ile. Akaenda hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Watu 75 walisimama katika uwanja mkubwa ulio katikati ya mji, wakaondoka alasiri. Kati yao alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio hizo Roma mwaka wa 1960 bila viatu, na tena Tokyo mwaka wa 1964. Watu wengi walikuja kumtazama yeye. Hakuna aliyekuja kumtazama Akhwari.

Hewa ikaanza kufanya kazi yake. Misuli ya miguu ya Akhwari ikamkaza, lakini aliendelea. Walipofika kama kilomita 19, wapiga mbio walikuwa wakisongana, kila mtu akitafuta nafasi ya kupita. Hapo Akhwari akagongwa, akaanguka vibaya juu ya barabara ngumu. Goti likateguka na kupasuka ngozi, damu ikatoka. Bega nalo likapigwa na nchi. Wenzake wakapita. Watu wa matibabu wakamjia, wakamfunga goti kwa vitambaa.

Zilikuwa zimesalia kilomita 23. Hesabu hiyo naomba msiipite mbio. Hakuwa ameanguka penye mlango wa uwanja, hata aseme, Nitajikongoja hatua mia, nimalize. Alikuwa hajafika hata katikati. Mtu aliyeanguka hapo ana sababu zote njema za kupanda gari. Yeye akainuka, akashika barabara, mara akikimbia kwa kuchechemea, mara akienda kwa miguu, na kila hatua ikimwuma.

Mbele yake mambo yalikuwa yakiendelea bila yeye. Mamo Wolde, mwenye miaka 36, aliingia uwanjani kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Kenji Kimihara wa Japani akawa wa pili, na Mike Ryan wa New Zealand wa tatu. Wakapewa nishani zao. Bendera zikapandishwa, nyimbo za mataifa zikapigwa. Watu wakaanza kwenda zao. Jua likatua. Uwanjani walibaki watazamaji elfu chache tu, nao walikuwa wakijitayarisha kuondoka, ndipo ikapatikana habari ya kuwa yuko mtu mmoja bado njiani.

Akaingia. Mguu wake ulikuwa umefungwa vitambaa vilivyolegea, vikining'inia gotini. Akauzunguka uwanja kwa shida, na wale waliobaki wakasimama, wakampigia makofi kana kwamba ndiye mshindi. Alipita mstari wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mamo Wolde alikuwa amemtangulia kwa saa 1, dakika 5 na sekunde 1. Picha zake zikachukuliwa, na hata leo mtu akitaka kumwona akiingia uwanjani anaweza.

Baadaye aliulizwa kwa nini hakuacha. Jibu lake lilikuwa fupi: nchi yake haikumtuma safari ile yote ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize. Katika maneno yake kama yanavyosimuliwa kwa Kiingereza mna hesabu ya maili 5,000. Chukueni uzi, mwuweke juu ya tufe la darasani toka Dar es Salaam hata Mexico, kisha mpime. Mtaona maili zaidi ya 9,000. Sidhani kuwa kosa hilo lina neno. Mtu mwenye goti lililoteguka haulizwi jiografia.

Sasa nataka kusema habari ya Abebe Bikila, ambaye katika masimulizi ya namna hii mara nyingi huachwa. Abebe hakumaliza. Alikuwa ameumia mfupa wa mguu hata kabla ya siku ya mbio, na alipofika kama kilomita 17 akatoka barabarani. Katika watu 75 walioondoka, 18 hawakumaliza, naye ni mmoja wao. Siku moja, nilipokuwa nafundisha somo hili, mtoto mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, basi Abebe alikuwa mwoga?" Darasa likanyamaza, na mimi nikanyamaza kidogo, kwa kuwa niliona ya kuwa ndimi niliyemwongoza kwenye swali hilo kwa jinsi nilivyosimulia.

Abebe hakuwa mwoga. Mtu aliyekimbia Roma miguu mitupu na kushinda, akashinda tena Tokyo majuma machache baada ya kupasuliwa tumbo hospitalini, hawezi kuitwa mwoga na mtu aliyeketi juu ya dawati. Mfupa ulikuwa wake, na maumivu aliyajua yeye. Akhwari naye maumivu yake aliyajua yeye. Mmoja aliacha, mmoja akaendelea, na wote wawili waliamua peke yao, hapo barabarani, pasipo mwalimu wala mzazi wa kuwashauri. Wala mimi siwaambii ninyi mkimbie na goti lililoteguka. Mtoto wa shule hii akianguka kiwanjani akaumia goti, na aje kwangu akichechemea, asije akikimbia. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, ametumwa na taifa changa, na alijua alilolifanya.

Nalo lile neno nililosema nitalisema mbele ni hili. Watu humsimulia Akhwari kana kwamba alikuwa mtu dhaifu mwenye moyo mkuu. Mtu asiyejua mbio, aliyekwenda Mexico akaachwa na wote, akamaliza kwa uvumilivu tu. Sivyo. Alikuwa mpiga mbio hodari. Mwaka wa 1970, miaka miwili tu baada ya kuanguka kwake, alikwenda Edinburgh, Uskoti, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akapiga mbio zile zile ndefu, kwa goti lile lile, akawa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Linganisheni na wakati wa Mamo Wolde aliposhinda Mexico: Akhwari alipungukiwa na dakika tano nzima. Lakini msikimbilie kusema kwamba alimzidi Mamo. Edinburgh iko karibu na bahari, na hewa yake ni nzito. Nusu ya haki ya hesabu imo katika kujua vitu gani vyaweza kulinganishwa. Ninalosema ni kwamba mtu wa saa mbili na robo si mtu wa kuhurumiwa. Alipokwenda Mexico hakwenda kutafuta nafasi ya hamsini na saba. Alikwenda kushindana. Aliloangusha barabarani ni kazi ya miaka, naye alijua hivyo alipoinuka. Na kwa sababu hiyo mimi naona zile kilomita 23 zilikuwa nzito kuliko vile tunavyozisimulia. Ni rahisi kumaliza wa mwisho ikiwa hukutazamia lolote.

Mwaka wa 1983 serikali ya Tanzania ilimpa nishani ya heshima. Mwaka wa 2008, mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam ukienda Beijing, yeye alikuwa mmoja wa walioubeba, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka sabini.

Barabara hiyo wengine wa kwetu wameifuata. Gidamis Shahanga, mtu wa Hanang, alishinda mbio ndefu za Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada, mwaka wa 1978, hajatimiza miaka 21; na mwaka wa 1982 huko Brisbane akashinda meta 10,000. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, ambako zamani kulikuwa katika wilaya ya Mbulu, naye alileta nishani ya fedha toka Moscow mwaka wa 1980. Na katika siku zetu Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia Valencia, Hispania, mwaka wa 2022, akatumia saa 2 na dakika 3 kamili, akawa wa pili. Na mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 akawa wa pili tena huko Boston, Marekani, sekunde kumi tu nyuma ya Evans Chebet wa Kenya. Sekunde kumi, baada ya maili 26! Hesabuni polepole moja hata kumi, mjue ni kitu kidogo namna gani.

Imesalia kazi ya nje. Gawanyeni wakati wa Akhwari wa Mexico kwa maili 26 na robo kasoro kidogo. Mtapata ya kuwa kila maili, ukichukua zote pamoja, zile za kabla ya kuanguka na zile za baadaye, ilimchukua karibu dakika 7 na sekunde 50. Kesho jioni tutapima maili moja kwa kamba kando ya barabara, yadi 1,760, na kila atakaye ataikimbia, mwenzake akimtazamia saa. Mimi mwenyewe niliijaribu mwaka jana mbele ya darasa la saba, nikiwa mzima, goti halina hata mkwaruzo. Nilitumia dakika 9 na nusu, na kisha nikaketi juu ya jiwe muda mrefu, na watoto wakacheka. Maili ishirini na tano nyingine sikuzijaribu.

Maswali

1. Kwa nini katika tenisi ya watu 128 ya mmoja kwa mmoja michezo ni 127? Wangekuwa watu 64, ingekuwa mingapi?
2. Mji wa Mexico una hewa ya namna gani, na kwa nini?
3. Mamo Wolde alimtangulia Akhwari kwa muda gani? Onyesha hesabu yako.
4. Kwa nini si haki kulinganisha wakati wa Edinburgh na wakati wa Mexico?
5. Andika barua fupi ambayo Abebe Bikila angeweza kumwandikia Akhwari baada ya siku ile.